Dereva wa Kiti cha Kushoto

Mume wangu alinifundisha kuendesha pikapu yetu kwa kelele. Kwake yeye, kwenda polepole maana yake ni kushika klachi nusu huku unakanyaga mafuta, injini ilie mpaka mbuzi wa kijijini kwetu Rejaf wakimbie. Klachi ikiungua na harufu ikajaa ndani, aliwalaumu Wachina. Gari lenyewe ni la Mjapani.

Ahadi yake ilikuwa moja: siku nitakayopita kizuizi cha wanajeshi bila kuzima gari, ufunguo ni wangu, nipeleke nyanya za kuuza sokoni mwenyewe. Niliutaka ufunguo ule kuliko nilivyowahi kuitaka pete yake.

Pale kizuizini hakuna mchezo. Gari likiruka, askari anashtuka na bunduki yake. Likizima, anakuja na maswali. Lazima litambae. Basi nikajifunza peke yangu uani, mwalimu akikoroma baada ya chakula cha mchana. Niliachia klachi taratibu mpaka nikahisi gari linataka kuondoka, nikatuliza mguu papo hapo, mafuta sikuyagusa. Likaenda lenyewe, kistaarabu.

Siku ya mtihani, nyanya zilikuwa nyuma na mwalimu pembeni.

“Mafuta, Mama! Kanyaga mafuta!”

Nikamwacha aimbe. Tulitambaa hadi kwenye kamba ya kizuizi, tukasimama bila hata nyanya moja kutikisika.

Sasa, pikapu yetu ilitoka Uganda, usukani uko kulia, na hapa Juba dereva hukaa kushoto. Askari alikwenda kushoto kwa mazoea, moja kwa moja kwa mume wangu.

“Wewe iko dereva kwais,” akamsifu. “Wengine nakuja hapa kama wazimu. Kwais kabisa!”

“Shukran, janabu,” mume wangu akajibu, kifua mbele.

Damu ilinichemka. Askari akashusha kamba.

“Haya, dereva, enda.”

Nikaweka mikono mapajani, nikatazama nje kama abiria mwema. Nyuma yetu lori likapiga honi. Askari akaacha kutabasamu.

“Dereva! Nangoja nini?”

“Mama, twende,” mume wangu akanong'ona.

“Si umeambiwa wewe?”

Akamgeukia askari. “Janabu, dereva ni huyu mama.”

“Sema kwa nguvu,” nikamwambia. “Honi inakuzidi.”

Akasema tena, mpaka mwenye lori akasikia. Ndipo nikaachia klachi, polepole.