Mwezi wa Kufunga, Mdomoni mwa Ruvuma

Serikali zikikutana kuzungumzia samaki, jambo la mwisho kujadiliwa ni samaki. Nasema hivi kwa sababu nilikuwepo, na sinia mkononi. Miaka ya tisini nilikuwa napika chai kwenye ukumbi mmoja wa mikutano Mtwara mjini, nakaa Rahaleo. Siku wajumbe wa Tanzania na wa Msumbiji walipokuja kukubaliana sheria moja ya uvuvi mdomoni mwa mto, mimi ndiye niliyewamiminia.

Asubuhi nzima waligombania herufi. Sisi tunaandika Ruvuma, wenzetu wanaandika Rovuma, na kila upande ulitaka ya kwake itangulie kwenye karatasi. Watu wazima na vitambi vyao, tai zimewakaba kwa joto lile, wanabishana u na o. Mto wenyewe hawajautia machoni. Wa kwetu walitoka Dar es Salaam, wa kwao Maputo, wote wakashuka kwenye ndege na kuingia kwenye magari ya kiyoyozi mpaka hotelini. Mmoja aliniuliza kama maji ya mto ule ni ya chumvi. Nikamwambia mheshimiwa, inategemea bahari imeamkaje. Akaandika.

Kiingereza kilikwenda Kireno, Kireno kikarudi Kiingereza, na katikati yupo mkalimani mmoja aliyetota jasho mpaka kola. Huko mtoni wavuvi wa kingo zote mbili wanaongea Kimakonde, wanaoana na kuzikana. Hakuna aliyekumbuka kumwita hata mmoja wao. Baada ya pilau, usingizi ukiwa umewashika, ndipo samaki wakatajwa. Kiingereza changu siku zile kilikuwa cha sukari na maziwa tu, kwa hiyo niliona makofi yanapigwa nikajua wamekubaliana. Walichokubaliana nilikuja kukijua baadaye: mwezi mmoja kila mwaka, masika yakikolea, mtu asivue kamba upande wowote, ili wapate kuzaana. Wazo lenyewe halikuwa baya. Kamba walikuwa wamepungua kweli.

Sasa ngoja nikuambie habari za mjomba. Ni kaka yake mama, ndiye aliyenilea, na kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye mtoto. Alikuwa anaishi kijijini kwetu, karibu na mdomo wa mto, na mali yake ilikuwa wavu mmoja aliousuka mwenyewe, msimu baada ya msimu. Kule ukiwa na wavu wako wewe ni mvuvi. Usipokuwa nao unavuta nyavu za wenzio, unaambulia samaki wa mboga, na kwenye baraza hakuna anayekuuliza unaonaje. Mjomba aliulizwa sana.

Ijumaa moja nilikuwa nimekwenda kumjulia hali, gari la matangazo likaingia. Aliyeshika kipaza sauti alikuwa ofisa mgeni, mtu wa bara, Mkristo, ndiyo kwanza amehamishiwa kwetu. Akatangaza kwamba serikali mbili zimekubaliana: mwezi wa kufunga ukiingia, hakuna kuvua kamba mdomoni mwa mto, kwetu wala ng'ambo.

Kwake yeye kufunga ni kama unavyofunga duka. Na anawaambia Waislamu watupu, wametoka msikitini sasa hivi, kofia bado kichwani. Kwetu mwezi wa kufunga ni mmoja tu duniani, nao ni Ramadhani. Hata mimi niliyetoka ukumbini nilisikia Ramadhani.

Mjomba, mtu wa kutaka kuhakikisha, akauliza, "Ni mwezi huo huo kila mwaka?"

"Huo huo, mzee," ofisa akajibu. "Haubadiliki."

Watu wakaridhika kabisa. Mjomba usiseme. Jioni ile alikuwa akitembea kifua mbele. "Serikali mbili," akaniambia, "na zote zimeikumbuka dini ya watu. Sikutegemea."

Ramadhani ilipoandama akauanika wavu, akaukunja, akaupandisha darini. Kijiji kizima kilifanya hivyo. Tukafuturu kwa mihogo na uji, na mihogo tena. Ng'ambo tukawa tunawaona watu wanavua kama kawaida, na baadhi yao ni ndugu wa mke wa mjomba, maana alioa huko. Mjomba akavimba. "Shemeji zangu hawana haya," alisema. "Mchana kweupe, na mkataba upo." Kumbe ng'ambo walitangaziwa mwezi kwa jina lake, na wao wakawa wanatushangaa sisi tuliokaa tu.

Idi ikapita. Mwezi uliofuata masika yakakolea, kamba wakatoka mtoni, mjomba akashusha wavu wake na kuingia majini akiwa na moyo mweupe. Safari hii shemeji zake ndio waliokaa ufukweni, wanampigia kelele kwamba ni mwizi. Hiyo ndiyo sheria ya pamoja waliyoipigia makofi. Wa kwetu walipumzika mwezi wao, wa ng'ambo mwezi wao, na kamba hawakupumzika hata siku moja.

Mashua ya doria ikamkuta. Wakamwambia mwezi huu umefungwa. Mjomba akajibu kwa adabu, "Wa kufunga umepita, mwanangu. Idi tumeshasali." Mkubwa wao akaona anafanyiwa kejeli. Wakauburuta wavu mchangani, wakaumwagia mafuta ya taa, wakauwasha.

Nilifika kesho yake nikakuta bonge jeusi, gumu, linanuka plastiki. Mjomba amekaa kando yake. "Sikuvunja sheria," aliniambia. "Nilifunga mwezi mzima." Nilitamani niwapate wale wa u na o, niwamwagie birika lote la chai ya moto. Mpaka leo natamani.

Hakupata wavu mwingine. Alilima mihogo, akavuta nyavu za vijana aliowafundisha kuvua. Miaka ya elfu mbili ilipoingia mkutano ukarudi, ukumbi ule ule, mimi na sinia langu, na safari hii serikali zilikuwa na neno jipya: wadau. Kila upande ulitakiwa kuleta mdau wake, na wa kwetu wakamleta mjomba. Wakamvisha fulana yenye samaki kifuani.

"Mdau ndiyo nini?" aliniuliza mlangoni nilipokuwa nambandika beji.

"Mtu anayehusika, mjomba."

Ndani ikasomwa taarifa kwamba makubaliano ya kwanza yalifanikiwa, hasa kwa ushirikiano wa wananchi. Mwenyekiti akasema sasa tumsikie mvuvi wetu. Mjomba akasimama. "Nashukuru," akasema. "Kabla hamjafunga tena, naomba kuuliza. Safari hii ni mwezi wenu au mwezi wetu?"

Wajumbe wa kwetu wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi. Mkalimani hakuhangaika hata kutafsiri. Mwenyekiti akasema wazee wa kusini kwa utani hawajambo, kisha akawataka wajumbe warudi kwenye karatasi, maana jina la mto lilikuwa bado halijakaa sawa.

Mjomba akatoka polepole, akaja jikoni nilipokuwa nasuuza vikombe. Akabandua beji ile, akaiweka kwenye sinia.

"Warudishie," akasema. "Waambie mimi wavu sina."