Uzi wa Mdogo Wake

Miguu ya Dada Pasi ilikuwa haijui kutulia. Hata akisimama mbele ya meza ya kunyooshea nguo, mguu mmoja ulikuwa unasugua mwingine, kama mtu anayesubiri mlango wa choo ufunguliwe. Wenzake pale kwa dobi walisema ugonjwa huo ulimwanza alipookoka, miezi mitatu nyuma. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kununa tu. Akishika pasi, ulikuwa unalionea shati huruma.

Hakuwahi kuingia darasani. Umri wa shule ulimkuta amembeba mdogo wake mgongoni, na umri huo ulipomfikia mdogo, mdogo akapelekwa shule. Mmoja akajifunza kusoma, mwingine akajifunza kubeba. Miaka ikaenda. Mkubwa akaolewa, akakaa kwenye ndoa miaka kumi na sita, ndipo mdogo alipokuja na begi lake: "Wiki mbili tu, dada, natafuta kazi." Kazi aliipata. Aliipata ndani ya nyumba ileile, na aliyetoka na begi alikuwa dada mtu.

Kwa kuwa hakujua kuandika, nguo za wateja alizitia uzi. Mshono mmoja mdogo ndani ya kola, kila mteja na rangi yake. Kijani ilikuwa ya mwalimu, bluu ya kinyozi, njano ya nesi. Tangu aanze kazi alikuwa hajapoteza hata soksi.

Nesi huyo wa uzi wa njano ndiye aliyemletea balaa la furaha. Ijumaa moja, akisubiri gauni lake la kazi, alimwambia, "Dada, Yesu anakupenda."

"Mimi? Mume wangu mwenyewe alishindwa."

Nesi hakubishana. Ijumaa iliyofuata akarudi na neno lilelile, na Ijumaa nyingine tena, bila kuchoka wala kuomba kitu. Ijumaa ya tano neno likaingia. Dada Pasi alikuwa ananyoosha mkono wa gauni, akajikuta analia hadi machozi yakachemka juu ya pasi, cheee. Ameachwa na bado anapendwa! Angewezaje kukaa na habari kama hiyo mdomoni?

Basi hakukaa nayo. Alimwambia muuza mkaa. Alimwambia kinyozi, ambaye alikuwa amelewa, hivyo akamrudia kesho yake kumwambia upya. Alimfuata fundi viatu hadi kwenye foleni ya maji.

"Bwana amenyoosha maisha yangu!" alikuwa anasema, pasi ikiwa juu kama bendera.

"Kukunyoosha?" Kipaza alimdaka. Huyu alikuwa mfuaji mwenzake, na jina hilo alipewa kwa sauti yake. "Kwani ulimwibia nini?"

Wote pale kwa dobi wakacheka, naye akacheka nao. Watu walimzoea. Wengine walianza hata kumngojea, maana maneno yake hayakuwa na kidole cha kuwanyooshea. Alisema kama mtu aliyeonja kitu kitamu na anakutafutia kijiko.

Isipokuwa Jumanne.

Kila Jumanne, mdogo wake alileta mashati ya mume yuleyule. Madobi walijaa mji mzima, lakini yeye alikuja hapohapo. Dada Pasi aliona ni dharau ya wazi. Akisikia viatu vile mlangoni, alijitupa nyuma ya pazia la chumba cha pasi na kumwachia Kipaza apokee. Uzi wa furushi lile ulikuwa mweusi. Hakuuchagua, mkono ndio uliochagua.

"We shoga," Kipaza alimwambia Jumanne moja, "hata mbuzi wa jirani umemhubiria. Huyu wa tumbo moja vipi?"

"Niache."

"Nakuuliza tu. Au Yesu wako haendi mtaa ule?"

Siku hiyo Dada Pasi aliunguza kola mbili. Tangu hapo raha ikaanza kuingia mchanga. Akimshuhudia mtu barabarani, katikati ya maneno ile sauti ya viatu ilikuwa inapita kichwani. Aliomba akiwa anatembea. Alikula akiwa amesimama. Alimwambia Mungu waziwazi: nitume kokote, hata gerezani, lakini pale usinitume. Aliliogopa jambo moja tu, kwamba furaha yake ingekufa mikononi mwake kwa sababu ya mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe alimnyima habari ile.

Jumanne iliyofuata Kipaza alikuwa amekwenda kliniki. Viatu vikalia mlangoni, na pazia lilikuwa limeshushwa asubuhi likafuliwe. Dada Pasi akabaki wazi, pasi mkononi.

"Shikamoo, dada."

Mdogo wake alikuwa amekonda, mabega yakitokeza kwenye blauzi. Dada Pasi hakuitikia. Alivuta furushi, akaanza kuhesabu mashati kwa vidole.

"Kinyozi umemwambia," mdogo alisema. "Muuza mkaa umemwambia. Nakaa kibarazani, nasikia watu wakisimuliana. Miezi mitatu nakuja hapa, nasema labda leo. Mimi nina nini, dada?"

"Ulikuwa unakuja kwa hilo?"

"Sasa ulidhani naja kutafuta dobi?"

Dada Pasi aliweka pasi chini. Angeweza kusema uongo mzuri, lakini uongo ulimkataa.

"Nilitaka ukose," alisema. "Wengine wote waingie, wewe ubaki nje na begi lako. Kama mimi."

Mdogo aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea kitu alichokuwa anajua ni chake. Akageuka, akatoka.

Dada Pasi alichukua shati la kwanza, akalitandika, akalitandua. Akazunguka meza. Akaenda hadi dirishani, akarudi, akaenda tena. Kisha akatoka mbio, kandambili moja yake na nyingine ya Kipaza, shati la yule mwanamume likipepea mkononi.

Alimkuta kwenye kona ya fundi viatu.

"Simama! Wewe! Sijamaliza!"

Fundi viatu akashusha nyundo asikilize.

"Sijakusamehe vizuri," Dada Pasi alisema akihema. "Najaribu. Nikiamka nimekusamehe, nikinywa chai nimekukasirikia tena. Lakini habari hii si mali yangu, siwezi kuifungia kabatini. Yesu ananipenda. Mimi niliyeachwa, nisiyejua hata herufi a. Alinikuta na uchungu wangu, hakusubiri uishe. Na wewe..." Akapiga kandambili chini mara mbili, kama anasukuma gari. "Na wewe anakupenda. Vilevile. Hakuna pungufu. Haya, nimesema!"

Mdogo aliziba uso kwa viganja. Alipovitoa, alilivuta lile shati na kufunua kola.

"Mama alikuwa anatutilia uzi kwenye magauni tusigombane," alisema. "Wako mwekundu, wangu mweupe. Hapa kila wiki narudishiwa mweusi."

"Mweupe hauonekani kwenye shati jeupe. Dobi gani anautumia?"

"Mimi nitauona."

Dada Pasi alisonya, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake. Akaupeleka ule uzi mweusi mdomoni, akaukata kwa meno, akautema barabarani.

"Twende basi," alisema, akiwa tayari ametangulia hatua tatu. "Sindano iko ndani. Na utembee haraka, bado sijakueleza nilivyolia."