Mchele wa Mama Zaina

Siku ya kwanza nilipoingia atelye ya misioni hapa Kasongo, karakana ya kushonea, Shefu wa atelye hakunipa turnevisi, bisibisi ya kufungulia mashini. Alinipa kiti, akasema nikae nisikilize. Mashini za kushona zilipita mbele yake moja moja, akizungusha gurudumu kwa kidole, na kabla hajafungua kitu alishajua ugonjwa. Mashini inalalamika kama mutu, alisema, kwa hiyo sikiliza kwanza, fungua baadaye.

Alikuwa muzee mkali, na sheria yake ilikuwa moja. "Kijana, sikia vizuri. Mashini ikikataa kupona, na mkono wako ukatae kupokea. Mutu halipi ugonjwa." Nilimuona kwa macho yangu akirudisha kuku wa mutu, kuku mzima, kwa sababu mashini bado iliruka mishono. Nikajiambia, huyu ndiye fundi, na mimi nitakuwa hivyo hivyo.

Baadaye nilipelekwa Salamabila, kwenye dhahabu, kutengeneza pompi zinazovuta maji kutoka mashimoni. Patron, mkubwa wa kazi wa kule, aliniacha mdomo wazi. Kabla hajagusa kitu, mwenye pompi anatoa kwanza pesa "ya kufungua", nayo hairudi, pompi ipone, pompi ife. Nilimuuliza kama haoni haya. Alicheka mpaka akashika tumbo. "Fundi, jasho langu halijui kama pompi imekufa. Linatoka tu!" Nilimdharau. Eh, ujana ni mzigo! Wachimbaji walirudi kwake kila mara, wanamutukana, wanagonga meza, wanadai ajaribu tena, naye alijaribu tena. Hilo nililiona, lakini sikulifikiria.

Nilipochoka na Salamabila nilirudi Kasongo, nikaweka meza yangu karibu na soko, nikafuata sheria ya Shefu.

Mama Zaina alikuwa jirani yetu, mjane, mshonaji wa kanzu na nguo za harusi. Mashini yake ndiyo ilikuwa mume, ndiyo shamba. Siku moja aliniletea ikiwa inaruka mishono. Ugonjwa ulikuwa kwenye kroshe, kile chuma cha mviringo kinachodaka uzi wa sindano na kuufunga na uzi wa chini. Ncha yake ilikuwa imelika.

"Iko na dawa?" aliuliza.

"Tutaona, Mama."

Nilishinda nayo juma zima. Nilinoa ncha, nikabadilisha sindano, nikasogeza kroshe mbele kidogo, nyuma kidogo. Ikashona mkono wa kanzu vizuri, nikafurahi, ikaruka tena. Kroshe mpya haikupatikana Kasongo nzima.

Mama Zaina alikuja kuichukua na mchele, umefungwa ndani ya kitambaa safi.

"Chukua, Fundi. Umeteseka."

"Hapana, Mama. Haikupona. Mutu halipi ugonjwa."

"Nakuambia chukua! Juma zima haukushika kazi ya mutu mwingine."

"Wallahi siwezi."

Aliifunga mashini kwenye baiskeli, akaweka mchele juu yake, akaondoka. Na mimi, mjinga, nilijiona mutu mkubwa siku ile.

Miezi ikapita. Mfanyabiashara mmoja akaleta kroshe za aina ile kutoka Bukavu. Nilinunua moja, nikakimbia mpaka kwa Mama Zaina, nikakuta mashini ameshaiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Yeye mwenyewe yuko sokoni, anauza sombe, majani ya muhogo ya kutwanga.

"Mama, mbona haukurudi? Ningejaribu tena!"

"Nirudi na uso gani, Fundi? Ulitumika kazi juma zima, ukakataa mchele wangu. Nije tena kukuomba bure, kama mutu wa kuombaomba? Ungekula ule mchele, wallahi ningekuja kila asubuhi kukutukana mpaka mashini ipone."

Roho iliniuma, na inaniuma mpaka leo.

Sasa macho yamekataa uzi, nimeacha kazi. Mafundi vijana wanakuja kuniuliza, "Muzee, mashini ikikataa, tupokee?" Nawaambia, pokeeni, hata kama ni kidogo, hata kama ni sahani ya mchele. Aliyelipa anaweza kurudi kugombana na wewe, na usiyepokea kitu chake unamfungia mlango. Wengine wanasema Muzee amegeuka. Ndiyo, nimegeuka, lakini nimechelewa.

Mwezi uliopita nilipita sokoni na hamu ya sombe. Mama Zaina alinifungia fungu kubwa. Nikanyoosha noti, akaurudisha mkono wangu polepole.

"Beba tu, Muzee."

"Mama, tafadhali, pokea!"

Akatikisa kichwa, akamgeukia muteja mwingine.

Sombe ilikuwa tamu sana. Tangu siku ile, nikienda sokoni, nazunguka njia ya nyuma nisipite mbele ya meza yake.