Jani la Masale la Mwenyekiti

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji, na sisi watoto wake tulikuwa wananchi. Chakula cha jioni nyumbani kilianza kwa sala na kuishia kwa mengineyo. Ukiomba ruhusa ya kwenda kwa rafiki, uliambiwa hoja yako imepokelewa. Siku alipojua kurekodi sauti kwenye simu, kundi la WhatsApp la ukoo halikupumua tena: hata akimpa mtu pole ya msiba alianza na "ndugu wananchi". Mama alimsikiliza kwa sikio moja, la pili lilikuwa kwenye sufuria.

Lakini nisimcheke kupita kiasi. Kijiji chetu kiko juu ya Akheri, upande wa mlimani, na barabara yake ilikuwa njia ya ng'ombe iliyopandishwa cheo. Pikipiki zilipita kwa shida. Gari la wagonjwa liliishia chini kwenye lami, na mgonjwa alishushwa kwa machela ya miti, wabebaji wakiteleza pamoja naye. Mume wa shangazi yangu alifia njiani namna hiyo, mwaka ule wa mvua nyingi. Baba ndiye aliyeshika machela upande wa miguu. Tangu siku hiyo hakuwa na ajenda nyingine ila barabara, na alitusumbua nayo mpaka tukaichukia kabla haijachimbwa.

Hatimaye alihakikishiwa kwamba greda litakuja, ila kijiji kitoe upana kwanza, kabla ya masika. Baba akaitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu hakuna anayeikwepa bila kusemwa. Kila kaya ya kando ya njia ilitakiwa irudi nyuma hatua tatu. Kurudi nyuma maana yake ni kung'oa masale, mimea ya majani marefu inayozunguka kila shamba, na hapo ndipo pagumu. Masale kwetu si ua tu. Ndiyo mpaka alioupanda babu, na jani lake likifungwa fundo ndilo ombi la msamaha: anayepelekewa jani hilo hana ruhusa ya kukataa.

Baba hayo aliyaita mambo ya zamani. Nyumbani kwetu alishang'oa masale yote akaweka nguzo za zege na seng'enge, akasema hayo ndiyo maendeleo. Majirani wawili walipogombana, mmoja akaja ofisini na jani lake mkononi ili baba ashuhudie, baba alimwambia akalete maandishi. Jamaa akarudi na jani lake nyumbani, na ugomvi ukaendelea msimu mzima.

Sasa, kosa lenyewe. Kwenye mkutano wa kijiji watu walinung'unika, kila mmoja akitazama shamba la mwenzake. Baba akaona awape mfano. Akasema, "Kwa dada yangu msiwe na wasiwasi. Pale ni kama kwangu, panatolewa."

Watu wakapiga makofi. Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa mstari wa mbele kwenye kigoda alichokuja nacho mwenyewe, mkono ameunyoosha kuomba kusema. Baba akamwambia, "Dada, usijisumbue. Nimeshakusemea."

Niliuona mkono ule ukishuka polepole. Shangazi akasimama, akabeba kigoda chake, akaenda zake. Kesho yake wenye majembe walipofika kwake walimkuta amesimama mbele ya masale yake. "Hapa hakuna msaragambo," akasema. Kwa kuwa shamba lake liko kwenye kona ambayo kila mtu lazima aipite, barabara nzima ikaishia kwake.

Baba alikwenda mara ya kwanza na muhtasari wa mkutano, umegongwa muhuri. Shangazi hakuugusa. "Mwenyekiti utamkuta ofisini kwake," akamwambia. "Hapa mimi naona mdogo wangu, na hajanisalimia."

Ni kweli, shikamoo aliisahau. Mara ya pili akaamkia vizuri na kupeleka sukari kilo mbili. Shangazi akaipokea, akampikia chai ya sukari hiyohiyo, wakaongea habari za kanisa, za ng'ombe na za bei ya kahawa. Kila baba alipoikaribia barabara, shangazi alimwongeza chai. Alirudi nyumbani amejaa maji, na greda lilikuwa limebakiza juma moja.

Mama ndiye aliyesema, "Peleka jani."

Baba, kwa kuwa nilikuwa nimekuja likizo kutoka mjini ninakofanya kazi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama huko hayauzwi.

"Baba, Arusha mjini wanauza hata kope," nikamwambia. "Jani la masale sijaliona."

Nilicheka peke yangu. Shida yake ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Masale yaliyong'olewa kando ya njia aliamuru yachomwe yote, maana yakitupwa tu huota palepale. Akienda kuomba jani kwa jirani, kufika saa sita kijiji kizima kitajua mwenyekiti anakwenda kumpigia nani magoti. Na jirani mwenye masale mengi kuliko wote ni yule aliyeambiwa akalete maandishi. Nilimwonea huruma, ingawa si sana.

Asubuhi akavaa koti la vikao na kutoka. Nikamfuata kwa mbali, kama mwananchi mwenye haki ya kupata habari. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ua wa shangazi, akaangalia kushoto na kulia, akanyoosha mkono, akachuma jani.

"Unaiba nini?" Sauti ya shangazi ilitokea upande wa pili wa majani hayohayo.

Baba aliruka. "Shikamoo dada. Siibi. Nimekuja kuomba."

"Anayeomba hupita mlangoni."

Akazunguka mpaka mlangoni, nami nyuma yake. Pale uani akahangaika kulifunga jani fundo, vidole vikigoma, maana mambo ya zamani yanataka mazoezi. Shangazi akamtazama mpaka akachoka. Akalichukua, akalifunga vizuri, akamrudishia. Kisha akanyoosha mikono yote miwili ili apewe.

"Nimekukosea, dada," baba akasema. "Nilikusemea mbele ya watu." Hakukuwa na ndugu wananchi hata mmoja katika maneno yale.

Shangazi akalipokea. Akatangulia kuelekea nyuma ya ua ule wa njiani, upande ambao mtu wa barabarani haoni. Mibuni ya pale ilikuwa imeng'olewa, ardhi imesawazishwa. Na ndani zaidi kulikuwa na mstari mwingine wa masale, mafupi, yameshashika na kutoa majani mapya. Kwa ukubwa wake yalipandwa muda mrefu kabla ya mkutano.

Baba akapima kwa miguu kutoka ua wa zamani. Moja, mbili, tatu, nne.

"Niliomba tatu," akasema.

"Wewe ulishika miguuni, hukuona. Mimi nilikuwa kichwani kwa mume wangu. Machela ilikwama kwenye kona hii, ikabidi tumweke chini kwenye matope ndipo tugeuke. Gari nalo litataka nafasi." Akafuta jani kwa ncha ya kitenge. "Siku ile ya mkutano nilinyoosha mkono niseme hayo."

Baba akavua kofia. Nilidhani atalia, na mimi nilishaanza.

"Sasa niulize," shangazi akasema.

"Dada, naomba barabara ipite kwako."

"Ipite."