Rangi ya Majani

Vumbi likiungua juu ya valvu za televisheni, zile taa zake za kioo za ndani, hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine kokote. Ni harufu kavu, tamu kidogo, ya kukwaruza koo, na ukichanganya na moshi wa lehemu ndipo unapata hewa niliyokulia. Nyumba yetu pale Nyalenda, Kisumu, ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa karakana ya Baba, cha nyuma ndicho tulichoishi, na pazia lililokuwa katikati halikuzuia chochote. Wenzangu shuleni walinukia sabuni au samaki, mimi nilinukia redio za watu. Baba aliitwa Fundi na kila mtu, hata na mchungaji wetu kanisani, na alisifiwa kwa jambo moja: hakubahatisha. Ndani ya televisheni kuna vipande vidogo vyenye mistari ya rangi, na mafundi wengine huvisoma kwa kuvitupia jicho tu. Baba alipima kimoja kimoja kwa mita yake, kama muuza dhahabu. Alichelewa, ndiyo, lakini mtu akilalamika aliambiwa na jirani yeyote kwamba huyu ni fundi makini. Nasi nyumbani tulijivunia huo umakini kupita kiasi.

Mwishoni mwa miaka ya themanini mambo yakaanza kwenda mrama. Televisheni alizozijua Baba zilikuwa za nyeusi na nyeupe, na sasa watu wenye nafasi walikuwa wananunua za rangi. Wateja wakapungua. Siku nyingine kazi yote ilikuwa kubadilisha waya wa pasi ya mwalimu. Babu alituma ujumbe kutoka kijijini kwetu Sondu kwamba shamba limelala, na kijana mwenye mikono miwili anafanya nini mjini? Baba akatutangazia mezani kwamba atajaribu rangi msimu huo wa mvua ndefu, na mvua ikikatika kabla hajaiweza, tunarudi Sondu kulima. Mama aliacha kutafuna. Alikuwa anauza mitumba Kibuye, na ile nafasi yake pale sokoni, karibu na njia ambapo kila mtu lazima apite, aliipigania miaka mingi. Mimi nilikuwa darasa la nne, nilikuwa na rafiki wa kufa na kuzikana na nilikuwa naogopa ng'ombe. Sikutaka Sondu hata kidogo.

Televisheni ya kujaribia Baba aliipata Milimani, mtaa wa wakubwa. Afisa mmoja alikuwa amehamishwa, na mkewe alimwita Baba atengeneze redio kabla ya safari. Katika banda la gari, nyuma ya magunia, Baba akaona kabati la mbao nyekundunyekundu, pana, lenye miguu minne, milango miwili ya kuteleza na kitambaa cha dhahabu mbele ya spika. Alipoteleza mlango mmoja, kuku akamrukia. Alikuwa ametaga mle ndani, chini kidogo ya kioo. Mama mwenye nyumba alifurahi mno kuondolewa hilo jizigo, akasema litakuwa ndilo malipo ya redio. Likaja Nyalenda kwa mkokoteni, Baba akitembea pembeni ameliwekea mkono, huku akimkemea mwenye mkokoteni kila wakifika kwenye shimo. Mama alitoka nje akifuta mikono, akalitazama lile kabati lilivyolala chini ya turubai.

"Baba Akinyi," akasema, akimwita kwa jina langu kama kawaida, "umetuletea jeneza?"

"Hii ni televisheni ya rangi," Baba akasema kwa sauti ya mtu aliye kanisani. "Itazame vizuri. Hii ndiyo itakayotubakisha Kisumu."

Mvua ilinyesha kila alasiri, na kila alasiri Baba alikuwa ameinamia lile kabati. Alitoa manyoya ya kuku, viota vya nyigu, mchanga wa mchwa waliokwisha kula mguu mmoja wa nyuma. Aliosha sakiti kwa brashi ya meno na spiriti. Vile vipande vilivyovimba na kupasuka alivitoa, akazunguka kwa mafundi wenzake wote akiokoteza vingine kutoka kwenye masanduku yaliyokufa. Mbao tulizisugua kwa msasa, mimi na Mama, na Baba alipozipaka vanishi zikatoa wekundu ambao hata mimi mtoto nilitaka kuugusa. Mama Rukia, aliyekuwa na hoteli nyuma ya soko, alipita akaiona. Alikuwa Mwislamu wa mjini ambaye Kiswahili chake kilitufanya sisi wengine tujihisi tunatafuna changarawe. "Fundi, kikiwaka hiki nitakichukua mimi," akasema. "Na kila anayekula kwangu atajua fundi wa rangi ni nani." Baba alicheka siku nzima peke yake. Hoteli ya Mama Rukia ililisha nusu ya Kibuye, na maneno yakitoka pale yalifika kila mahali.

Ikawaka. Kwanza ule mlio mmoja mrefu na ile mistari ya rangi iliyokuwa ikitangulia kabla ya stesheni kufungua, kisha mtangazaji. Baba alizungusha vifundo, akarudi nyuma, akazungusha tena, akatugeukia uso wote ukiwaka. Mtangazaji alikuwa wa kijani. Si kijani kidogo, alikuwa wa kijani kama mtu aliyekunywa dawa ya mifugo.

"Huyu anaumwa?" Mama akauliza.

Baba akacheka, akazungusha kidogo. Sasa mtangazaji akaiva kama nyanya. "Na sasa?" Mama akasema sasa amepikwa. Alidhani wanataniana, nami nilidhani hivyohivyo, kwa sababu Baba alikuwa mtu wa utani. Lakini mara uso wake ukafunga. "Nyinyi mnataka kunifundisha kazi?" Akateleza milango ya kabati, akaifunga kwa ufunguo wake, na hakuna aliyeruhusiwa kuitazama tena mpaka siku ya kuipeleka.

Aliipeleka Jumamosi, siku ya mpira. Hoteli ilifurika. Watu walikuwa wamesimama mpaka jikoni, na mimi nilikuwa benchi la mbele nikiwa na soda ya bure, nimevimba kichwa. Baba akafungua milango kwa madaha, akabonyeza. Uwanja ukatokea wa kahawia kutoka goli hadi goli. Mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Fundi, hawa wanacheza uwanjani au kwenye ugali wa wimbi?" Hoteli ikalipuka. Mwingine akataka refa apelekwe hospitali. Baba akageuza kifundo, wachezaji wakawa zambarau, watu wakapiga meza. Akageuza tena. Nilijua kutoka pale nilipokaa kwamba hakuwa anajua anatafuta nini. Mama Rukia hakucheka. Akamwambia taratibu airudishe nyumbani akaitazame vizuri. Tuliirudisha kwa mkokoteni uleule, imefunikwa shuka. Baba aliketi kitandani na viatu vyake akasema, "Tunarudi Sondu." Nililia mbele yao bila kujificha.

Asubuhi Mama aliamka kwanza. Alibandika chai. Halafu akauliza, mgongo umemgeukia, "Jana ule uwanja, wewe uliuona rangi gani?"

"Rangi ya majani. Ulitaka niuone rangi gani?"

"Majani gani?"

Baba akaona anachezewa. Kwetu ukitumwa dukani kununua majani, hakuna anayedhani umetumwa majani ya mti. Akanyoosha mkono rafuni, akatwaa kopo la majani ya chai, akajimwagia kiganjani. "Majani. Haya hapa. Au siku hizi yana jina lingine?"

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kwa sababu ilikuwa inachekesha, na kwa sababu nilifikiri Baba wetu wa utani amerudi. Mama hakucheka. Alimtazama Baba, akatazama kile kiganja, akaipua chai bila kuangalia. Akaenda kwenye furushi lake la mitumba, akatandika magauni kitandani: la kijani, jekundu, la kahawia, la bluu. "Niambie yanayofanana." Baba akalitenga la bluu bila shida. Yale mengine matatu akayashika, akayapeleka dirishani, akayarudisha. Mwishowe akayaweka pamoja.

Alivyotueleza, tangu utoto alijua kuna kitu. Mama yake alimpiga kwa kuleta nyanya mbichi kutoka shambani, akimwita mvivu asiyechagua. Yeye alizibinyabinya ili kujua zipi zimeiva, na alishangaa wenzake wanachuma tu wakipita. "Nilidhani nyinyi wote mlifundishwa," akasema. "Nilidhani siku hiyo mimi nilikuwa malishoni." Ndipo nikaelewa ule umakini wa mita. Baba hakuwa anapima kwa sababu ya umakini, alikuwa anapima kwa sababu ile mistari haikumwambia kitu. Nilimwonea huruma.

Mama akasema jambo lenyewe ni jepesi, yeye atakaa mbele aseme rangi, Baba akae nyuma na vifundo vyake. Baba akakataa katakata. Fundi wa rangi asiyeona rangi, anayeshikwa mkono na mkewe? Wakisikia si watacheka mpaka Kericho? Akaanza kufunga vyombo. Mita ilipoingia kwenye sanduku Mama alitoka akaenda Kibuye bila kuaga, nami nikamfuata kwa sababu sikuweza kuvumilia kuiona ile meza tupu.

Tulikuwa tumekaa pale kwenye magauni, mvua imesita, soko limejaa matope na watu. Nikamwona Baba anakuja na koti lake la kazi. Wauzaji wenzake Mama walikuwa wameshasikia habari za ugali wa wimbi, na hawakumwacha. "Fundi, leo umekuja kuchagua sketi?" Angeweza kumwita Mama pembeni. Hakumwita pembeni. Alisimama katikati ya wanawake wote wale na kusema, kwa sauti iliyopanda kuliko alivyokusudia, "Nimekuja kumwomba Mama Akinyi anisaidie. Mimi sioni kijani wala nyekundu. Yeye anaona."

Vichwa viligeuka mpaka kwenye meza za viatu. Halafu mama mmoja muuza viatu akapiga makofi. "Yawa! Wangu anaona rangi zote, na kunisaidia hajui!" Wakacheka, safari hii Baba akiwa ndani ya kicheko. Mama alikuwa anafunga furushi haraka haraka, na alikuwa anajifuta macho kwa gauni la kuuza.

Fundi akifanya kazi nyuma ya televisheni huweka kioo cha kujitazamia mbele yake, ili aone picha. Baba alikiondoa kile kioo, akaweka kiti, akamkalisha Mama. "Sema." Na Mama akasema, kwa maneno ya Kibuye. "Huyu ni mweusi kama sisi, mbona umemfanya maji ya kunde? Mrudishe. Zaidi. Hapo, sasa ana mama na baba." Kisha akaona kitu ambacho hata mimi sikukitilia maanani, doa la kijani kwenye kona ya juu. Baba akaruka. Doa lile lilitokana na sumaku, pengine spika iliyowahi kuwekwa karibu, na hakuna namna angeliona mwenyewe. Akazungusha koili, ile duara ya waya ya kufuta sumaku, mbele ya kioo polepole huku Mama akimwambia linapungua, linapungua, bado kidogo, limekwisha. Sijawahi kusikia watu wawili wakizungumza vizuri kuliko vile. Jumamosi iliyofuata uwanja wa Mama Rukia ulikuwa wa nyasi, na watu walisahau hata kumtania. Mama Rukia aliwatazama wote wawili. "Haya, niambieni. Fundi wa rangi ni nani hapa?" Baba akasema, "Mimi ni fundi. Rangi ni yake."

Hatukurudi Sondu. Miaka ya tisini ilipoingia, makabati yaliletwa kutoka Milimani na hata Kericho, na Mama aliondoka sokoni mapema siku za kutazama rangi. Baba sasa ni marehemu, na televisheni za leo hujipanga rangi zenyewe. Zikiharibika hakuna anayezifungua, zinatupwa. Mwaka jana nilimpeleka mwanangu kwa daktari wa macho baada ya mwalimu kugundua kwamba amekuwa akichukua penseli za rangi zilezile anazochukua jirani yake darasani, kisirisiri, tangu aanze shule. Daktari alifungua kitabu chenye vidoadoa vya rangi, na chai aliyokuwa akinywa haikuwahi kupoa kabla hajanipa jina la hali hiyo na sababu zake. Jina ambalo Baba aliishi na kufa bila kulisikia. Hutoka kwa babu, akasema, kupitia kwa mama. Akaniuliza baba yangu alikuwa anafanya kazi gani.

"Fundi wa televisheni za rangi."

Daktari akacheka, kisha akaona sitanii, akaweka kalamu chini. Mwanangu alikuwa ameinamisha kichwa tangu tuingie, na lile jina la kitaalamu halikukiinua. Sasa akakiinua. "Alikuwa anafanyaje?"

"Alikuwa anauliza," nikamwambia.

Tukatoka nje, juani. Pale kwenye ngazi akasimama, akanitazama kuanzia shingoni hadi miguuni, kwa muda, kama anayejipa moyo.

"Mama," akasema, "hilo gauni lako ni la rangi gani?"