Sahani ya Pili

Siku ile naikumbuka vizuri, Neema mwanangu, siku seli zilipowaka mbele ya macho yangu nikacheka peke yangu maabara kama mwehu. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Juzi uliponipigia simu ukishangilia, "Mjomba, zimewaka! Dawa inaua saratani!" sauti ilikuwa yako, lakini niliyemsikia ni mimi wa enzi zile. Ukasema tena kuna mwalimu mmoja hapa Kasulu, mumewe anaumwa saratani ya tumbo, na Jumapili utampigia umpe habari njema. Nikauliza ni sahani ngapi za seli, ukasema moja, nikakwambia usimpigie mpaka nikuandikie. Kwa simu ningeshindwa, maana wazee tuna kiburi chetu, hatupendi kusikika tukilia.

Kazi hii sasa unaijua kunishinda. Hata hivyo niache niieleze kwa lugha ya nyumbani, ili hata wanao waje waisome. Seli ikikaribia kufa, ngozi yake hugeuka, cha ndani kikatokeza nje, kama shati lililovuliwa kwa haraka. Sisi tuna rangi inayonasa hapo tu. Ukitazama kwa hadubini, inayokufa inawaka kijani, na iliyo hai inabaki giza. Kazi yangu yote, mpaka nastaafu, ilikuwa hiyo, kuvitafuta vifo vidogo na kuvipiga picha.

Mama yako Veneranda, dada yangu mkubwa, alikuwa Busunzu akilima maharage na mihogo, na wewe ulikuwa na miaka minne. Ni yeye aliyebaki shambani ili mimi nisome, na hakunikumbusha jambo hilo hata siku moja. Uvimbe ulipoonekana kwenye titi alipelekwa hospitali kubwa nje ya mkoa, akaanza dripu za dawa ya kuua saratani. Aliteseka. Basi lenyewe lilikuwa la kutwa nzima na zaidi, nywele zilidondoka, akatapika mpaka nyongo. Lakini daktari alisema ugonjwa umewahiwa, na akivumilia mizunguko yote ana nafasi nzuri ya kupona. Ilikuwa imebaki minne.

Likizo ya mwaka ule nilikuwa nimepita Munanila kwa Bibi Kalista, mganga wa mitishamba, mama aliyevuka kutoka Burundi akiwa binti. Alinipa mizizi yake, nusu nikamwachia mama yako. Iliyobaki nikaibeba hadi Dar es Salaam, nikaisaga, nikailoweka kwenye spiriti kali, maana ndivyo tulivyozoea kuitoa dawa kwenye mti. Nikaidondosha kwenye sahani ya seli za saratani. Kesho yake nikatia rangi, nikatazama. Zote kijani.

Kanuni unaijua. Panatakiwa sahani ya pili, seli zilezile, spiriti ileile, bila mizizi, ili uone kama spiriti yenyewe haiui. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakosei hapo. Lakini rangi ilikuwa imebaki ya sahani moja tu, na nyingine ingekuja baada ya mwezi. Nikajiambia nitaifanya baadaye. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nikaishika hiyo kwa kuwa ilinifaa. Ile ya haraka haraka haina baraka niliwaachia wajinga.

Jioni mama yako alipiga. Alikuwa akiazima simu ya mwalimu mkuu, anapanda kichuguu nyuma ya shule ili apate mtandao.

"Elia, nimechoka. Hizi dripu zitaniua kabla ya ugonjwa. Niambie ukweli, dawa ya Bibi Kalista inafanya kazi?"

"Inafanya, dada. Nimeona kwa macho yangu."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu haya."

"Basi kama ni wewe umeona, imetosha."

Sikumdanganya, na hapo ndipo panapouma. Niliona kweli. Ila sikujua nimeona nini, na sikuwa na haraka ya kujua. Wiki ile basi liliondoka bila yeye. Akawa anachemsha mizizi kwenye kile chungu cha bibi yako, asubuhi na jioni, akimwamini mdogo wake msomi.

Rangi mpya ilikuja. Unadhani nilitengeneza sahani ya pili? Thubutu! Niliimaliza kwa kupiga picha nzuri zaidi za sahani nyingine kama ile ya kwanza, niwaonyeshe wakubwa. Zilipendeza kweli. Watu waliniita bingwa, nami nikaitika.

Mwezi wa tano tangu simu ile nikarudi Munanila kuomba gunia la mizizi. Bibi Kalista alikuwa barazani anachambua maharage. Nikamsimulia maajabu ya dawa yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wewe unaichemshaje?"

"Siichemshi, Bibi. Naloweka kwenye spiriti."

"Ile ya kuoshea vidonda?"

"Kali kuliko hiyo."

Akaweka ungo chini. "Na spiriti tupu umeijaribu?"

"Bado, Bibi."

"Mwana wanje, mwanangu, mgonjwa akija kwangu, siku ya kwanza nampa uji mtupu. Ego, ndiyo, uji tu. Akiutapika, najua ni tumbo linakataa, nisije kesho nikausingizia mzizi. Na akipata nafuu kwa uji, nisije nikajisifu. Ninyi mmesoma mpaka huko, hamkufundishwa uji?" Akanitazama. "Halafu nani kakwambia mzizi huu unaondoa uvimbe? Mimi nilikupa nikasema unatuliza maumivu. Umempa nani?"

Nilipomtajia, akajishika kichwa. "Yebabawe! Mrudishe hospitali. Leo hii! Hata maji niliyokupa usiyamalize."

Nilifika Busunzu, nikamchukua. Daktari alimpima, akakuta ugonjwa umeshaingia kwenye ini. Hakunigombeza. Aliandika dawa za maumivu, akatupa mkono wa kwaheri. Niliporudi maabara, ndipo nikazipanga sahani zile nilizopaswa kuzipanga mwanzo. Ya spiriti tupu iliwaka kijani yote. Ya mizizi iliyochemshwa kwa maji, kama alivyokunywa mama yako, ilibaki giza tupu, seli za saratani zikiwa na afya njema.

Nilirudi nyumbani nimwambie. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, wewe umejikunja ubavuni mwake. Alinishika mkono akasema, "Mdogo wangu, usijilaumu. Umenihangaikia sana." Nami, Neema, nikajibu, "Asante, dada." Asante! Ndilo neno lililonitoka. Baada ya wiki tatu tukamzika. Kwenye matanga wazee walisimama wakanisifu, wakawaambia vijana waige mfano wangu. Nilikaa pale nimeinamisha kichwa, watu wakadhani ni majonzi tu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeficha miaka ishirini na zaidi, na kilichoniumbua ni furaha yako kwenye simu. Nilikulea, nikakusomesha, nikakuingiza kwenye kazi hii, na kila uliponishukuru nilitamani ardhi ipasuke. Mizizi haikumuua mama yako, wala spiriti. Ni mdogo wake aliyeona mwanga akauita dawa.

Sasa shika haya, hata kama mimi hunitaki tena. Rangi ikitosha sahani moja tu, siku hiyo huna jaribio, funga maabara ukalale. Ukiona ulichokuwa unakitamani, hapo ndipo ubishane nacho zaidi. Na mgonjwa usimpe habari ya sahani moja. Yeye hana namna ya kukuhakiki. Atayaweka maisha yake juu ya neno lako na kukushukuru, na shukrani hiyo, mwanangu, huna pa kuitua. Kama hujui, mwambie hujui. Mtu akiambiwa hivyo bado atapanda basi aende kwenye dripu zake.

Mungu akupe subira niliyoikosa, na ulimi mzito pale macho yanaposhangilia. Mama yako huko aliko akuombee, kama na mimi ananiombea basi ni kwa wema wake tu. Ukitaka kunilaani nilaani, nitapokea simu yako saa yoyote. Ila kwanza, kabla ya kunipigia mimi na kabla ya kumpigia yule mwalimu, nenda katengeneze sahani ya pili.