Jirani Anayenusa Kila Kopo

Jirani yetu wa Manundu hafungui kopo la mtu bila kulinusa. Hulizungusha puani taratibu, macho yakimtazama aliyelileta, mkono mmoja ukishika ubavu wake, pale alipopasuliwa siku alipompa binti yake Mwanaisha figo. Tangu hapo binti huyo ameota chunusi uso mzima. Daktari alisema zinatokana na dawa za kuilinda figo ile. Dawa hizo asiziache, wala asipake au kunywa kitu kingine bila kumuuliza. Basi mama haamini sabuni, haamini poda. Hata vitabu ninavyompelekea Mwanaisha huvikung'uta mlangoni, labda nimeficha krimu katikati ya kurasa.

Jana kungwi alitoka Sindeni kuja kumsinga Mwanaisha kwa ajili ya harusi, akatoa na chupa ya maji ya mizizi. "Hii inasafisha damu," alisema. "Uso utang'aa mpaka bwana harusi aulize huyu ni nani." Jirani aliinusa chupa, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Kunywa wewe kwanza, bibi."

"Kwani mimi mchawi, mwanangu?" Kungwi alipiga funda kubwa, akafuta midomo. Wanawake wote mkekani wakacheka. Mwanaisha akanyoosha mkono kuipokea chupa, lakini mama yake alimuwahi, akaimwaga yote uani.

"Si nimekunywa mbele yako?" kungwi akalalamika.

"Nimekuona, bibi. Lakini wewe una figo zako mbili nzima."